Kwenda Torino kwa Njia ya Juu

Jumapili, 5 Mei

Bibi Ursule anataka kwenda Torino, kule Italia. Kwa gari. Na dereva ni mimi!

Kasema leo tulivyotoka kanisani, kama mtu anayesema supu imepoa. Aurèle, mwezi wa sita utanipeleka kwa dada yangu. Tutapita njia ya juu ya mlima, siyo handaki la chini yake. Nataka kuona. Halafu akaanza kumenya viazi. Mimi nimesimama na ndoo mkononi, mdomo wazi.

Sijawahi kuendesha kupita Martigny. Leseni yenyewe nimeipata mara ya tatu. Kwenye usukani sikuwa na shida, shida ni ile karatasi ya maswali. Shule niliacha nina miaka kumi na nne, na Bibi ndiye aliyenichukua. Akanipa ng'ombe kumi na wawili wa kuangalia na chumba juu ya zizi. Miaka tisa sasa. Hajaniuliza hata siku moja kwa nini siongei.

Dada yake anaitwa Odile. Ana themanini na nne, Bibi ana themanini na moja. Moyo wa Odile umechoka, watampasua Jumatatu tarehe kumi Juni. Na hawa wawili hawajaonana miaka sitini na mbili. Sitini na mbili! Kadi ya Krismasi tu — hatujambo, ng'ombe wazima, basi.

Nimekubali. Yaani nimetikisa kichwa.

Jumanne, 7 Mei

Ramani ya marehemu mume wa Bibi. Imechanika kwenye mikunjo yote. Nimeitandaza mezani, kikombe nimekiweka Sion, mji ulio karibu nasi, kitunguu Torino. Katikati milima mitupu. Nikafuata kwa kidole: Sion, Martigny, Orsières, Bourg-Saint-Pierre, halafu njia inaanza kujipinda kama utumbo mpaka kule juu kwenye nyumba ya watawa, inashuka Aosta, inafuata mto, Ivrea, Torino. Majina nasoma polepole. Lakini nasoma.

Asubuhi pale tunapopeleka maziwa, habari ilikuwa imeshafika kabla ya maziwa yenyewe. "Bubu anakwenda Italia!" Gaspard huyo, anaendesha mashine ya kusukuma theluji barabarani. "Utaulizaje njia wewe? Kwa miluzi?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Gaspard hana ubaya.

Baadaye kanivuta pembeni. Kasema njia ya juu haifunguki kwa kalenda, inafunguka kwa theluji, na mwaka huu theluji ni nyingi. Wazee wakadakia: mashine ya nini, sisi tunaangalia farasi. Maana mlima wa mbele yetu kila mwaka theluji inabaki kwa umbo la farasi. Shingo ikikatika, njia ya juu imefunguka. Gaspard akawauliza, farasi wenu anaangalia upande huu, upande wa Italia anaujuaje?

 Wamemnunia mpaka nilipoondoka.

Alhamisi, 9 Mei

Sikukuu ya Kupaa. Hakuna kazi ila kukamua.

Leo nimegundua jambo na naona aibu sikuligundua zamani. Mimi ninayejiona naangalia kila kitu!

Kila mtu hapa kwetu ana jibini lake la mazishi. Mtoto akibatizwa linatengwa moja, linawekwa stoo ya chini, linamngoja. Siku akizikwa linakatwa, waliombeba wanakula, na divai. Stoo ya Bibi yamebaki mawili. Kila Ijumaa nayasugua kwa maji ya chumvi na kuyageuza. Meusi, magumu kama jiwe. Siku zote nilijua moja la Bibi, moja la mumewe.

Sasa leo niko nayo, ikanijia: mumewe si tulimzika mwaka ule nilipokuja? Jibini lake si lililiwa? Mimi mwenyewe nilikula, lilinikwama kooni!

Nikapanda juu nikamuuliza Bibi, la kushoto la nani.

Akanivutia kiti nikae. Halafu akasema: la Odile.

Akanihadithia. Mama yao alikufa Machi 1962. Odile alikuwa ameolewa Torino vuli iliyotangulia. Njia ya juu imefungwa, handaki halijafunguliwa. Akapanda treni, akazunguka huko kote, akafika siku ya tatu. Mama kashazikwa. Jibini la mama limeisha. "Tulimwachia ganda," Bibi akasema. "Ganda, Aurèle. Watu walikuwa wengi, wana njaa, hakuna aliyefikiri. Na aliyekuwa anagawa ni mimi."

Odile akaliangalia lile ganda. Akasema, na langu mlitupe mtoni. Akarudi na treni ya siku hiyohiyo. Baba yao akamwambia Ursule, fanya alivyosema. Ursule akasema kafanya. Akamwandikia na Odile, nimelitupa.

Hakulitupa. Amelisugua mwenyewe kwa mikono yake mpaka magoti yakakataa ngazi. Halafu nikaja mimi.

"Nataka alione kabla hawajampasua. Akienda huku anadhani nililitupa, mimi nitabaki na nini?"

Nimerudi stoo nikalisugua tena. Lilikuwa safi tayari.

Jumamosi, 11 Mei

Narcisse kaja kutoka Sion. Mtoto wa Bibi, wa pekee; jibini lake alihama nalo. Ana ofisi, ana gari kubwa jeusi, na ana sauti.

Kwanza alitaka ampeleke yeye, Julai, kwa handaki na barabara kuu, masaa matatu mmefika. Bibi: "Julai naweza kumkuta kaburini." Narcisse: "Basi na hilo jibini liacheni! Mama, unampelekea mgonjwa jibini la mazishi yake siku moja kabla ya kisu. Unafikiri ataona unamtakia nini?"

"Ataona nililitunza."

"Ataona umekuja kumzika!"

"Shusha sauti, Narcisse. Unawatisha ng'ombe."

Bibi alisema kwa utani, lakini mimi niliona mkono wake. Ulikuwa unasugua kona ya meza, unasugua, unasugua. Nadhani na yeye amejiuliza hilo.

Halafu Narcisse akanigeukia. "Na dereva naye? Huyu hata kuagiza kahawa hawezi!" Kweli, siwezi. Niliangalia viatu. Lakini sijui nilitoa wapi, nikasema: "Nitakwenda polepole."

Narcisse akacheka. Bibi hakucheka. Kanikatia kipande kikubwa cha nyama kavu, kabla ya kumkatia mwanawe. Nashukuru kuliko ninavyoweza kusema — na kusema ndiyo siwezi.

Jumatano, 15 Mei

Mazoezi. Barabara ya bwawa, juu na chini, gari dogo la kijani. Kwenye kiti cha Bibi nimeweka bakuli la maziwa, limejaa.

Mara ya kwanza nimelirudisha tupu. Kiti kinanuka. Mara ya nne nusu limebaki. Siri ni kupunguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Na kushuka, gia ya pili, breki zipumzike.

Gaspard kanipita na lori lake, kasimama, kachungulia ndani. "Abiria wako anamwagika, Bubu!"

Jumapili, 19 Mei

Tumepanga vituo. Bibi kavaa miwani, mimi nina penseli. Jua lilikuwa linaingia dirishani, ng'ombe wameshiba, sikutaka iishe.

Anataka ziwa la kule juu, tusimame robo saa. Halafu pale unaposhuka kuelekea Aosta, milima mikubwa nyeupe yote inajitokeza mkono wa kulia, tusimame. Halafu Donnas — mizabibu imepanda juu ya mwamba, na kuna barabara ya zamani ya mawe ambayo magurudumu ya mikokoteni yamechimba mifereji. Hapo Odile alisimama siku anaondoka bi harusi, akaandika hivyo kwenye barua yake ya kwanza. Barua hiyo Bibi anayo. Ilikuja kabla ya mambo ya ganda.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda miaka yote. Lourdes amefika mara mbili. Zurich mara moja, akasema hakupenda chai yao.

"Nilikuwa nangoja aniite."

Na yeye?

"Labda naye alikuwa anangoja mimi nigonge."

Nimeandika vituo vyote kwenye karatasi, na saa. Mwandiko wangu mbaya lakini karatasi nzuri.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeharibu.

Bibi alinituma nipige simu Torino, kwa Ruggero, mtoto wa Odile, nimuulize saa za hospitali na mahali pa kuacha gari. Simu! Nimeandika kwanza maneno yote kwenye karatasi. Nimewasomea ng'ombe. Nikapiga.

Ruggero kaanza na Kiitaliano cha haraka, nikakaribia kukata. Halafu kabadili, kaja kwenye lugha yetu. Sauti yake nzuri, ni fundi wa tramu. Nikasoma karatasi yangu. Akajibu: mama anatakiwa awe hospitali Jumapili ile saa kumi jioni, mfike kabla. Gari mtaweka uani. Karatasi yangu ikaisha. Na yeye hakukata! Akakaa tu, anangoja. Mimi na kimya tunapatana sana, lakini kimya cha simu ni kingine. Kinavuta.

Nikasema: "Tunaleta jibini lake."

Akauliza jibini gani. Nikamwambia. Lile la mazishi, Bibi hakulitupa.

 Halafu akasema, Mungu wangu, nitamwambia mama. Akakata.

Halikuwa jambo la mimi kusema. Miaka sitini na mbili Bibi kalibeba, mimi nimelimwaga kwa dakika moja. Mimi! Bubu!

Ijumaa, 24 Mei

Nimemwambia Bibi. Nimesimama mlangoni, sikuvua kofia.

Ameacha kufuma.  Halafu: "Umenipunguzia maneno. Nilikuwa sijui ningeanzaje." Akaendelea kufuma.

Jumatatu, 27 Mei

Ruggero kapiga. Kasema mama yake kwanza alicheka. Halafu akasema: "Muongo. Lilitupwa. Aje nalo nilione."

Na kasema na hili: mama yao, wa Odile na Bibi, alichora msalaba kwa kisu kwenye kila jibini. La Odile chini ya msalaba chale moja, la Ursule chale mbili, kwa sababu ni wa pili. Odile kasema, nikiona chale moja nitaamini. Nisipoiona, asijisumbue kupanda ngazi zangu.

Bibi aliposikia alikaa. "Anakumbuka," akasema. Ndilo hilo tu.

Nikakimbia stoo na tochi. Kwa macho huoni kitu, jeusi tupu. Kwa kidole gumba — ipo! Chale moja, nyembamba kama unywele. Miaka tisa naisugua na brashi! Ningeongeza miaka miwili mitatu ningeifuta kabisa. Nimekaa chini kwenye sakafu ile ya baridi nikashukuru Mungu kwa uvivu wangu wote wa Ijumaa.

Jumapili, 2 Juni

Leo jambo limenipata.

Tulikuwa tunapanga kupandisha ng'ombe malishoni baada ya safari. Bibi akasema, anamenya yai: "La kwanza la kiangazi hiki tutalitenga. La kwako."

Nikamwangalia.

"Una miaka ishirini na tatu na huna jibini stoo. Haipendezi. Au unataka watu wale biskuti?"

Mimi sikubatiziwa hapa. Mimi nililetwa. Ndani ya begi nguo mbili na karatasi ya ofisi. Hakuna mtu aliyenitengea kitu.

Nikaenda zizini, nikasimama na Diane, yule mweusi mwenye pembe moja. Nikalia kidogo. Ng'ombe hawasemi kwa watu.

Jumatano, 5 Juni

Farasi alikatika shingo Jumatatu. Wazee wakanywa. Leo imeanguka theluji, farasi ana shingo tena!

Wazee hawakuonekana pale tunapopeleka maziwa.

Ijumaa, 7 Juni

Tangu jana nimekuwa naangalia mlima tu. Njia ya juu ilikuwa ifunguliwe leo. Haikufunguliwa. Gaspard ameitwa huko kusaidia, kapiga simu mchana: Jumapili, saa nne asubuhi, labda saa tano. Kuna theluji imeporomoka upande wa pili, bado wanaitoa.

Jumapili yenyewe! Narcisse kaja mbio. Akasema handaki, hakuna mjadala. Bibi kasema handaki ni kama kwenda kwa dada yako kwa kupitia mfereji wa maji machafu. Mwisho wamekubaliana: saa tano geti la njia ya juu likiwa halijafunguliwa, handaki. Bibi alikubali kwa namna ile yake ya kukubali, anaangalia kwingine.

Wakati anaondoka Narcisse kanifuata kwenye gari. Nilidhani ananigombeza. Kanipa miwani yake ya jua, ile ya bei. "Theluji itakupofusha kule juu." Halafu: "Ukimrudisha hata na mafua, Aurèle, nitakuchinja." Akanipiga bega. Hajawahi kunigusa miaka tisa.

Jumamosi, 8 Juni

Gari limeoshwa. Mafuta, maji, matairi. Mkate mweusi, nyama kavu, chupa mbili za divai yetu. Blanketi la magoti. Mto wa mgongo.

Kwa kuwa jua limetoka nimeosha na mbao za stoo, zile yanapokalia majibini, kwa maji ya moto, kama kila mwaka theluji ikiisha. Nimezianika, nikazirudisha. Sikutaka kuondoka nyuma kuko kuchafu. Bibi alinipigia kelele kutoka juu ngazini: "La kushoto, Aurèle! Lifunge kwenye kitambaa cha kitani!" Nimelifunga. Liko kwenye kikapu, mlangoni.

Narcisse kaja, atakamua kesho. Ng'ombe watashangaa.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi, getini.

Tuko hapa tangu saa tatu na robo. Magari kumi na moja mbele yetu. Bibi kavaa koti la kanisani. Barabara nimeenda vizuri, bakuli lisingemwagika. Kufika Orsières akaniambia, unaendesha kama padri. Nadhani ni sifa.

Handaki liko pale kushoto, mdomo wazi, magari yanaingia. Bibi hata haliangalii.

Saa nne. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro dakika tano… geti linapanda!! Watu wanapiga honi. Bibi kafanya ishara ya msalaba. Twende.

Juu, ziwani. Saa sita kasoro robo.

Kwanza niseme ilivyokuwa, maana sitaki iharibike. Kuta za theluji pande zote mbili, ndefu kuliko gari. Bluu ndani yake. Maji yanatiririka katikati ya barabara, jua limejaa. Bibi kateremsha kioo akatoa mkono nje, vidole vinagusa theluji tunavyopita, anacheka kama msichana. Mimi nilimfanyia hilo. Mimi na gari la kijani. Namshukuru Mungu kwa ile dakika, hata kama siku nzima itakwenda vibaya.

Na imekwenda vibaya.

Gaspard alikuwa hapa juu na mashine yake. Akaja, akambusu Bibi, akasema nionyeshe hilo jibini linalosafiri. Bibi akafungua kitambaa juu ya magoti. Akalipapasa. Kidole gumba kikasimama. Kikarudi. Kikasimama.

"Aurèle. Hizi ni mbili."

Nikapapasa. Mbili.

Mbao! Nilizirudisha kinyume, ubao wa kulia nikauweka kushoto. Niliyaweka yale majibini kila moja kwenye ubao wake, kama ninavyofanya miaka yote. Nikachukua la kushoto. Sikupapasa. Wiki nzima napapasa, siku yenyewe sikupapasa.

Nimehesabu kwa vidole. Kurudi nyumbani, kulichukua, kuja tena, hata kwa handaki — saa kumi na moja. Saa kumi Odile anaingia hospitali. Haiwezekani. Narcisse na gari lake angewahi, lakini Gaspard kampigia mara tatu, hapokei.

"Nisipoiona, asijisumbue kupanda ngazi zangu."

Nilitaka Bibi anitukane. Gaspard kafungua mdomo, Bibi akainua mkono mmoja, Gaspard akaufunga. Bibi amelifunga jibini polepole, fundo, fundo lingine.

"Endesha," kasema.

Donnas. Saa nane.

Ile milima nyeupe ya Aosta ilijitokeza mkono wa kulia, kama tulivyoandika. Nilipunguza. Hakugeuka. Nikapita. Vituo vyote nimevipita. Karatasi yangu nzuri iko kwenye mlango wa gari.

Hapa tu ndipo aliposema simama.

Ameshuka. Ametembea mwenyewe bila kunishika mpaka kwenye barabara ile ya mawe. Ameingiza kiatu chake kwenye mfereji wa gurudumu, akasimama hivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje, na koti la kanisani. Mizabibu juu, jua. Watalii wakampisha.

Nikamwendea nikasema nisamehe. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Akasema: "Mimi nilikata la mama bila kuhesabu watu. Wewe umekosea ubao. Ingia kwenye gari."

Torino. Saa kumi kasoro robo. Niko ngazini.

Tumefika saa tisa na dakika ishirini. Nyumba ndefu, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Bibi amepanda ngazi zote, na magoti yale! Kila ghorofa nikamwambia pumzika, kila ghorofa akasema bado.

Odile alikuwa amesimama mlangoni, amevaa tayari, begi la hospitali liko chini karibu na mguu. Mwembamba sana. Pua ya Bibi, kabisa.

Hawakukumbatiana. Walitazamana.

"Umenenepa," Odile akasema.

"Wewe umekuwa mfupi."

"Liko wapi?"

Nikaliweka kwenye meza ya jikoni. Bibi akaniambia, kakae nje kidogo, kijana wangu. Ruggero naye katolewa. Tumekaa ngazi moja, yeye na ovaroli la kazi, mimi na daftari. Mlango hawakuufunga vizuri. Kanipa sigara, nikakataa, naye akairudisha.

Nimesikia fundo la kwanza. La pili. 

Halafu Odile: "Mbili."

Halafu: "Hili ni lako."

Nikangoja Bibi aseme. Aseme ni mbao, ni yule kijana. Hakusema! Hata neno. Miaka yote mimi ndiye bubu, leo yeye ndiye bubu! Na Odile akasema taratibu sana, "Kwa hiyo uliandika kweli. Ulilitupa."

Mimi sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta jikoni. Nikasema yote, nimesimama katikati ya wale wawili, kofia mkononi. Nikasema ni mimi. Nikasema lako lipo, lipo stoo, upande wa kulia, niligeuza mbao. Lina chale moja nyembamba kama unywele, mimi ninaijua. Nalisugua kila Ijumaa.

Odile kaniangalia. Macho yake hayana haraka.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa. Kabla yangu alikuwa anasugua yeye."

Akamtazama dada yake mikono. Mikono ya Bibi ilikuwa juu ya meza, ile ya chumvi, iliyopasuka-pasuka. Akaitazama sana. Halafu akaniambia toka, na mimi nikatoka. Nimekaa tena ngazini, naandika juu ya goti. Mwandiko ndio huu.

Saa kumi na dakika mbili. Simu inalia ndani. Ruggero kasema hiyo ni hospitali, wanauliza alipo. Hakuna anayepokea. Hatusikii maneno. Nimesikia kiti kinavutwa. Nimesikia droo inafunguliwa, visu vinagongana. Kisu kinakwaruza kitu kigumu kama jiwe, kinakwaruza, kinateleza. Bibi kasema kitu. Odile kajibu, sijasikia nini.

Sasa Odile anaita, kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule unayo:

"Ruggero! Msumeno wa baba yako uko wapi?"

Ruggero ananitazama mimi. Simu inalia tena.